Heri kenda shika? Hebu tuzihesabu kwanza hizo kenda

Leo nina ugomvi na methali mbili. Najua nikianza kugombana na methali kuna watakaosema sina adabu, kwamba hayo ni maneno ya wahenga na wahenga hawakosei. Sawa. Subirini nimalize, halafu mnitukane.

Methali ya kwanza inasema heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Ya pili ni ndugu yake: usiache mbachao kwa msala upitao. Kama wewe ni kijana na una kazi hapa Mwanza, hata kama ni kazi ya kukutoa machozi, hizi umeshaambiwa. Umeambiwa na mama, umeambiwa na mjomba, umeambiwa na mchungaji au shehe, umeambiwa na jirani ambaye hata hajui unalipwa shilingi ngapi. Sema tu kwamba unafikiria kuhama kazi uone watu watakavyokukodolea macho, utadhani umesema unataka kuogelea mpaka Ukerewe.

Mimi sina tatizo na methali yenyewe. Tisa zilizo mkononi ni bora kuliko kumi za ahadi, nani atabisha? Tatizo langu ni kwamba hakuna anayezihesabu hizo kenda. Tunaambiwa tushike, tufumbe ngumi, tusiachie. Sasa ndugu yangu, ukifumba ngumi miaka kumi bila kuifungua hata mara moja, utajuaje kama ndani bado kuna kitu?

Hoja yangu ni hiyo tu. Usalama wa kazi ni kitu cha kuhesabika, kina tarehe na kina shilingi. Kama huwezi kuuhesabu, unachokiita usalama ni woga uliochomekea shati na kufunga tai.

Tuanze na wazee wetu. Waulizeni, miaka ya mwanzo ya 1970 kazi gani ilikuwa na usalama kuliko zote kwenye ziwa hili? Watakujibu: kazi ya Jumuiya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa na reli, bandari, posta na ndege. Meli za ziwani zilikuwa chini ya reli hiyo hiyo. Kijana aliyeajiriwa na Jumuiya alikuwa mkwe wa kutafutwa kwa tochi. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Wafanyakazi wake wa Tanzania wakaanza kudai haki zao, wakadai, wakazeeka wanadai. Makubaliano na serikali mahakamani yalikuja kufikiwa mwaka 2005. Piga hesabu mwenyewe: miaka 28. Na hata baada ya hapo wazee wale waliendelea kuandamana Dar es Salaam, wanasema walicholipwa sicho. Wengine walikuwa wameshatangulia mbele ya haki. Hao walikuwa na kenda shika au hawakuwa nazo?

Haya, ushirika. Chama kikuu cha Nyanza, cha wakulima wa pamba, kilikuwa fahari ya Usukuma nzima. Kilikuwa na majengo, magari, vinu vya kuchambulia pamba na makarani wenye baiskeli mpya. Mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika nchi nzima. Miaka ya 1980 vikarudishwa, lakini waliorudi wanajua kama walikuta kitu kile kile.

Haya, viwanda. MWATEX, kiwanda cha nguo cha Mwanza, kililala miaka ya 1990 kama vilivyolala viwanda vingi vya umma. Miaka hiyo hiyo makumi ya maelfu ya watumishi wa serikali walipunguzwa kazini, ikazaliwa lile neno ambalo kila mtoto wa Mwanza mwenye umri wa shangazi yangu analijua: ridandansi. Benki ya Taifa ya Biashara, NBC, iliyokuwa kama mwamba wa Bismarck, iligawanywa mwaka 1997 na sehemu yake ikauzwa kwa Waafrika Kusini mwaka 2000. Aliyeingia benki akiwa na miaka 22 na kuambiwa sasa umeula, hakuambiwa kwamba mwenye kula anaweza kubadilishwa meza.

Haya, samaki. Viwanda vya minofu ya sangara vilipokuja, watu waliacha mashamba wakaja kusimama kwenye baridi ya viwanda wakikata minofu. Kati ya mwaka 1997 na 1999 soko la Ulaya lilifungwa zaidi ya mara moja, mara kwa hofu ya kipindupindu, mara kwa sababu ya wavuvi wanaotumia sumu. Mtu yuko zake Igogo, anafika kazini kwa wakati, hajaiba, hajalewa. Kazi inakatwa Brussels.

Na mfano ulio karibu kabisa: Kigongo na Busisi. Kwa miaka mingi pale penye kivuko palikuwa na uchumi wake. Magari yanasubiri, abiria wanashuka, wananunua samaki wa kukaanga, mahindi ya kuchoma, maji, soda. Foleni ya mwenzako ndiyo ilikuwa mshahara wako. Juni 2025 daraja likafunguliwa, kilomita 3 na ushee, gari linapita dakika chache. Mimi nalishangilia lile daraja, wagonjwa waliokuwa wanasubiri kivuko usiku wanajua thamani yake. Lakini yule mama mwenye jiko la mkaa pale ng'amboni hakufanya kosa lolote. Alishika kenda zake vizuri tu. Ardhi ndiyo iliyohama chini ya miguu yake.

Sisemi haya ili tukae tulie. Nasema ili tukubaliane jambo moja: kubaki nako ni kucheza kamari. Tumezoea kuona kwamba anayeondoka ndiye anayebahatisha, na anayebaki ndiye mwenye busara. Uongo. Wote wawili wanabahatisha, tofauti ni kwamba anayeondoka anajua kuwa anabahatisha.

Nasikia mtu ananiambia: wewe mwandishi, hayo ni mambo ya zamani, zungumzia ya kwako. Haya, nazungumzia ya kwangu.

Kazi ya gazeti mkoani inakwenda hivi. Wengi wetu tunaanza kama korespondenti. Unalipwa kwa habari iliyotoka. Habari isipotoka, nauli ya daladala ni yako, bando la kutumia habari ni lako, na njaa ni yako pia. Ukipata bahati baada ya miaka kadhaa unapewa mkataba, na siku hiyo kwenu wanachinja kuku. Mimi ni mmoja wa waliochinjiwa kuku. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inataka chombo cha habari kimuwekee mfanyakazi wake bima na hifadhi ya jamii. Nendeni Makongoro mkawaulize waandishi wanaokunywa chai pale ni wangapi wanayo.

Na hata huo mkataba, gazeti lenyewe likifungiwa unakuwa karatasi ya kufungia maandazi. MwanaHALISI lilifungiwa mwaka 2012 bila ukomo, likarudi, likafungiwa tena miaka miwili mwaka 2017. Mwaka huo huo Mawio nalo likapewa miaka miwili. Tanzania Daima likanyang'anywa leseni Juni 2020. Leseni zao zilikuja kurudishwa Februari 2022. Nimefurahi zilirudishwa. Lakini hebu niambieni, mpiga chapa, msanifu kurasa na mwandishi wa mkoani walikula nini humo katikati? Walioandika habari iliyoleta adhabu walikuwa wachache, walioadhibiwa walikuwa ofisi nzima mpaka mfagizi.

Sasa sikilizeni kinachoniudhi kuliko vyote. Mwandishi anayeogopa kupoteza kazi haandiki. Anakwenda kwenye mikutano ya wakubwa, anaandika mkuu amesema, mkuu ameagiza, mkuu ameonya, anachukua posho, anarudi nyumbani. Anaijua habari ya maji machafu yanayoingia ziwani, anaijua ya zahanati isiyo na dawa, anaijua ya fedha za barabara, lakini ana kodi ya nyumba na mtoto wa shule. Simlaumu. Namuonea huruma kwa sababu namfahamu, ninakaa naye meza moja. Ila tuseme ukweli: hofu yake inalipwa na msomaji. Na haiko kwenye magazeti peke yake. Mwalimu anayeogopa hasemi darasa lina watoto 150. Muuguzi anayeogopa hasemi glavu zimekwisha. Fundi anayeogopa anaweka sahihi kwenye nondo nyembamba. Nchi nzima imeshika kenda zake, imenyamaza.

Tuje kwenye sheria, maana hapa ndipo pana siri ambayo vijana wengi hawaijui.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mwajiri akikuachisha kazi bila kosa lako, na umefanya angalau mwaka mmoja mfululizo, anakulipa kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara kwa kila mwaka uliomaliza. Inapendeza. Lakini soma mstari unaofuata: ukomo ni miaka 10. Siku 7 mara miaka 10 ni siku 70. Yaani sheria inamlazimisha mwajiri kukulipa siku 70 kwa uaminifu wa miaka 10. Ukikaa miaka 20, siku 70. Ukikaa 30, siku 70. Haifiki mishahara ya miezi minne. Mwajiri mwema anaweza kuongeza kwa hiari yake, lakini usalama haupimwi kwa hiari ya mtu.

Na ukiacha kazi mwenyewe? Sifuri. Kiinua mgongo hicho ni cha aliyeachishwa.

Kuna fao la kukosa ajira lililoletwa na mabadiliko ya mwaka 2018. Mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 akipoteza kazi analipwa theluthi moja ya mshahara wake kwa miezi 6. Ni jambo jema sana, nalipongeza. Lakini nalo halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Kwa hiyo bosi akikunyanyasa mpaka ukashindwa, ukaandika barua, unaweza kupoteza. Akikufukuza yeye, umepata. Ndiyo maana watu wanabaki kazini mwaka mzima wakiombea wafukuzwe! Wanakuja saa nne, wanacheza na simu, wanasubiri. Mnaita huo usalama? Huo ni mfungo usio na futari.

Na hicho kiinua mgongo kikubwa cha uzeeni ambacho ndicho tunaambiwa tukisubiri, nacho kanuni zake zinabadilika. Mwaka 2018 ilikuja kanuni ya kulipwa asilimia 25 kwa mkupuo. Wafanyakazi wakapiga kelele, Desemba ya mwaka huo Rais Magufuli akaisimamisha. Julai 2022 ikaja asilimia 33. Bajeti ya 2024/25 ikapandisha mpaka 40 kwa watumishi waliokuwa kwenye kundi la asilimia 50. Wataalamu wana sababu zao na mifuko nayo lazima iishi, sibishani nao leo. Ninachosema ni kwamba mwalimu aliyeanza kazi mwaka 1990 akihesabu kustaafu kwa kanuni fulani, amestaafu kwa kanuni nyingine. Alishika kenda, wakati wa kufungua ngumi akaambiwa hesabu imebadilika.

Sasa wale jamaa zangu wa semina wameshaanza kunipigia makofi. Nyamazeni kwanza, zamu yenu imefika.

Kuna kundi jingine linalonikera sawasawa na wahubiri wa kenda. Ni wale wanaokodi ukumbi, wanavaa koti la kung'aa, wanamwambia kijana: acha kazi, ajira ni utumwa, kuwa bosi wako mwenyewe. Kiingilio elfu 30. Hawa ndio wauzaji wa kumi nenda uje. Ukiwauliza wao wanaishi kwa nini, utagundua wanaishi kwa viingilio vya watu wenye ajira.

Kujiajiri ni jambo kubwa na la heshima, lakini lisemeni lote. Desemba 2018 machinga walipewa vitambulisho kwa shilingi 20,000 wakaambiwa sasa mnatambulika. Mwaka 2021 wakaondolewa barabarani nchi nzima, Makoroboi yetu ikiwamo, wakapangiwa maeneo mengine. Labda mji ulihitaji kupumua, lakini aliyekopa kununua mzigo mwezi ule alikuwa bosi wa nani?

Na hofu ya kukosa kazi si upumbavu. Mwaka 2014 watu zaidi ya 10,000 walijazana Uwanja wa Taifa kusailiwa kwa nafasi 70 za Uhamiaji. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, wakaomba watu 135,027. Gawanya: karibu watu 85 kwa kiti kimoja. Anayekuambia uache kazi kesho asubuhi bila kukuuliza una akiba ya miezi mingapi, huyo hakupendi. Anapenda makofi.

Kwa hiyo nikae wapi mimi? Nikae na hesabu.

Baba yangu mdogo alifanya kazi kiwanda kimoja hapa mjini, sitakitaja, mpaka siku walipokuta geti lina kufuli. Ndiye anayenisisitizia kuliko wote kwamba nisiache mbachao. Nilimuuliza hivi karibuni, kwa adabu zote: "Shikamoo baba, hivi wewe hukuwa na mbachao? Mbona ulichanika ukiwa umeukalia?" Akacheka, akanyamaza, kisha akaniambia neno ambalo nimelitafakari sana. Akasema, "Mwanangu, sisi miezi minane kabla ya kufuli tulijua. Mshahara ulianza kuchelewa, mafuta ya mashine yakawa ya kukopa. Tulijua, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema."

Mnaona? Walikuwa na miezi minane ya kuhesabu. Hawakuhesabu kwa sababu kuhesabu kulionekana kama usaliti.

Basi mimi nimehesabu. Nimechukua methali yenyewe, nikajiwekea vitu tisa, kila kimoja nikikijibu ndiyo au hapana bila porojo.

Moja, mshahara unaingia tarehe ileile? Hapana, kwangu umekuwa ukiteleza, mara tarehe 5, mara 12.

Mbili, makato ya NSSF yanafika? Hapa nisikilizeni vizuri. Ingieni kwenye akaunti zenu muangalie. Mimi nimeangalia nikakuta miezi 7 haipo, na kwenye hati ya mshahara wanakata kila mwezi. Tuseme mtu analipwa laki 5. Anakatwa asilimia 10, ni 50,000, na mwajiri anatakiwa kuweka 50,000 nyingine. Miezi 7 ni shilingi 700,000. Hiyo ni fedha yako iliyokwama kwenye mfuko wa mtu mwingine, halafu mtu huyo huyo anakuambia uwe mvumilivu. Na usisahau, sisi tuliosoma kwa mkopo tunakatwa na Bodi asilimia 15, yaani 75,000, na kodi ya mapato 14,400. Unabaki na 360,600. Toa kodi ya chumba Nyegezi, toa nauli, toa ya mama kijijini. Hizo ndizo kenda zenyewe, wandugu.

Tatu, bima ya afya inafanya kazi? Ndiyo, nimeitumia.

Nne, nina mkataba wa maandishi? Ndiyo.

Tano, likizo ya siku 28 kwa mwaka, ambayo ni haki ya kisheria, naipata? Hapana, sijawahi kumaliza hata siku 10.

Sita, wakiniachisha leo nina kiinua mgongo? Ndiyo, cha siku chache.

Saba, mwaka huu nimejifunza kitu kipya cha kazi? Hapana. Mikutano ile ile, hotuba zile zile.

Nane, kazi hii inanijengea jina ambalo mwajiri mwingine atalitambua? Ndiyo.

Tisa, nalala usingizi? Hapana.

Kenda zangu nimezikuta nne.

Nimepata nafasi kwenye redio ndogo ng'ambo ya daraja, mkoani Geita. Mkataba wa miaka miwili, mshahara uko chini ya huu kwa elfu 60. Nyumbani wameshika vichwa: utaachaje kazi ya kudumu gazetini uende kwenye miaka miwili ya redio ya kijijini? Lakini kabla ya kujibu niliwaomba watu wa redio vitu vitatu. Nione mkataba kabla ya kusaini. Nizungumze na wafanyakazi wawili bila bosi kuwapo, waniambie kama michango yao inaonekana NSSF. Niambiwe fedha ya kuendesha redio inatoka wapi na itakwisha lini. Vyote nimepewa. Kwa vitu vyangu tisa, kule nimepata sita ambavyo nimeviona kwa macho, sijasimuliwa. Redio inaweza kufa baada ya miaka miwili? Inaweza. Lakini mkataba umeandikwa tarehe ya mwisho, nitajiandaa. Kazi ya "kudumu" haina tarehe, na hicho ndicho kinachowamaliza watu.

Kuna atakayesema: wewe huna mke wala watoto, ni rahisi kwako. Ni kweli, na ninawaheshimu wenye mizigo. Mwenye watoto wanne na wazazi wawili akihesabu, anaweza kukuta kubaki ndiyo sahihi, abaki kwa amani na asionekane mwoga. Lakini huyo ndiye anayehitaji kuhesabu kuliko mimi. Mimi kufuli likigongwa nitarudi kwa mama nile ugali. Yeye atarudi kwa nani?

Na wenye madaraka nao wasikie. Mbunge yeyote wa kanda hii anayetafuta hoja ya kutetea vijana, hii hapa bure: kwa nini fao la kukosa ajira limtupe aliyeacha kazi kwa sababu mwajiri hapeleki michango au halipi mshahara? Huyo ameacha kwa hiari gani? Na kwa nini mwajiri anayekata fedha ya mtu na kuikalia aandikiwe barua ya kukumbushwa, wakati kibaka wa soko la Kirumba akiiba simu analala selo? Kama mnataka watu waache kung'ang'ania viti vibovu, fanyeni haki zao ziwe na miguu, zimfuate mtu anakokwenda. Michango inayomfuata mfanyakazi ni usalama kuliko mwajiri yeyote.

Wazee wetu nao, tunawapenda na tunajua mnatuhofia. Mkituona tunafikiria kuhama, msianze na methali. Anzeni na maswali. Una akiba ya miezi mingapi? Mkataba uko wapi? Michango imefika? Mkituuliza hivyo tutawasikiliza, maana mmeyaona mengi, mlishuhudia Jumuiya ikivunjika na viwanda vikilala. Uzoefu huo ni mali. Msiufungie ndani ya sentensi moja.

Na wewe kijana mwenzangu, wa dukani, wa benki, wa kiwanda cha minofu, wa shule binafsi, wa halmashauri: leo jioni kabla hujalala, fungua akaunti yako ya NSSF au PSSSF, toa mkataba wako kwenye bahasha, chukua karatasi, andika moja mpaka tisa. Ukipata saba au nane, shika hapo hapo wala usimsikilize mtu wa koti la kung'aa. Ukipata mbili au tatu, anza kutafuta ukiwa bado ndani, kimya kimya, na usiache kabla ya kupata maandishi. Ukiondoka, ondoka kwa heshima, toa notisi yako ya siku 28, kabidhi vifaa vya watu, dai chako chote mpaka senti ya mwisho, na kama hawakupi, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ina ofisi hapa hapa Mwanza.

Notisi yangu nimeipeleka Jumatatu. Nimeambatanisha na orodha ya miezi 7.

Maoni yako wazi hapo chini, hata matusi nayapokea ila yawe na hesabu. Siku njema.